Klipu ya "kombora la Ngomeni": uchambuzi wa ubishi mmoja wa WhatsApp

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kila siku katika makundi ya WhatsApp ya mwambao. Watu wake ni wa mfano na maneno yao ni ya mfano. Kituo cha Ngomeni (kituo cha anga cha Waitaliano karibu na Malindi, Kenya), roketi zake, vita vya Juni 2025 na sheria zinazotajwa humu ni vya kweli.

Kilichotokea

Vita vya Israel na Iran, vilivyoanza tarehe 13 Juni 2025 na kusimama tarehe 24, bado havijasimama. Kundi ni la habari za Malindi, lina watu zaidi ya mia nane, na wengi hawajuani hata kwa sura: wavuvi wa Ngomeni na Mambrui, wenye maduka wa mjini, walimu, vijana wa bodaboda, na wenyeji walioko Mombasa, Nairobi na Ghuba. Siku ya Alhamisi, saa 2 usiku, inaingia video ya sekunde ishirini na kitu. Ni mchana, bahari shwari. Ukingo wa jukwaa la chuma unaonekana kwa chini. Kitu chembamba cheupe kinachupa juu bila moto, kinaning'inia hewani muda wa kupepesa jicho, kisha moto unalipuka chini yake na kinapaa. Sauti yake imeondolewa, imewekwa ngoma. Maelezo yake yanasema:

"Hii ni leo asubuhi Ngomeni. Wataliano warusha makombora kwenda Iran kutoka ardhi yetu. Vyombo vya habari vimenyamaza. Sambaza kabla hawajaifuta."

Juu ya ujumbe pana mishale miwili na alama kwamba umesambazwa mara nyingi.

Wa kwanza kujibu ni fundi wa simu wa mjini, mtu anayejua mambo ya mitandao kuliko wengi mle ndani: "Uongo mtupu. Nyinyi mwaletewa chochote mwameza." Hapo moto ukawaka. Kufikia saa 5 usiku kundi lilikuwa limezungumzia NATO, Gaza, Wahouthi, kambi ya Manda, Starlink, ardhi ya viwanda vya chumvi vya Gongoni, nani mwenyeji na nani wa kuja. Klipu yenyewe haikutazamwa tena. Admini akafunga kundi, wakabaki maadmini peke yao wenye ruhusa ya kuandika. Asubuhi yake klipu ilikuwa imeshafika katika makundi mengine ya Kilifi na Lamu, sasa ikiwa na nyongeza: "Kundi la Malindi limefungwa kwa sababu ya video hii."

Fundi alikuwa sahihi tangu neno lake la kwanza, na usiku ule alishindwa vibaya. Namna mtu mwenye ukweli mkononi anavyoweza kushindwa mbele ya watu mia nane ni jambo la kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Klipu inasema mambo mangapi?

Maelezo yale mafupi yamebeba madai manne: mahali ni Ngomeni, wakati ni leo asubuhi, mrushaji ni Mtaliano, na kinakoelekea ni Iran. Baada yake yanafuata mambo mawili ambayo si madai, ni ndoana. "Vyombo vya habari vimenyamaza" inamzibia mdomo kila atakayesema hajaona habari hiyo popote, kwa sababu ukimya wenyewe umeshageuzwa ushahidi. "Sambaza kabla hawajaifuta" inamnyima msomaji muda wa kufikiri.

Mtu anayejibu ujumbe wa namna hii huvutwa kwenye dai kubwa zaidi, la Mtaliano na Iran, maana ndilo linalochoma. Hilo ndilo gumu kuliko yote kulithibitisha au kulikanusha ukiwa na simu mkononi usiku. Nia za serikali haziko ndani ya picha. Mahali na wakati vimo. Dai moja kati ya hayo mawili likianguka, yaliyobaki hayana pa kusimama. Fundi alipaswa kuishika klipu hapo na kukataa kutoka, hata angeitwa jina gani.

Na ile mishale miwili: WhatsApp huiweka ujumbe ukishapitia angalau mikono mitano tangu kwa mwandishi wake wa kwanza. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyeileta kundini siye aliyeipiga picha, na kwa hiyo kumuita yeye mwongo ni kumpiga mtu asiyehusika. Tangu Aprili 2020 ujumbe wenye alama hiyo hauendi ila kwa kundi au mtu mmoja kwa wakati. Mtu akitaka kukwepa kizuizi hicho huipakua video na kuipandisha upya, na mishale hutoweka. Basi kukosekana kwa mishale nako si dalili ya usafi.

Uchunguzi uliowezekana usiku uleule

Kazi hii huchukua kama dakika ishirini kwa simu ya kawaida yenye bando.

Kwanza klipu inahifadhiwa, kisha inasimamishwa mahali patatu au panne na kupigwa skrinshoti: kabla kitu hakijachupa, kikiwa kinaning'inia bila moto, moto ulipowaka, na mwisho moshi ulipotanda. Usichague picha nzuri, chagua yenye umbo la pekee. Moto na moshi hufanana duniani kote. Ukingo wa jukwaa, nguzo, reli, umbo la mashine ndivyo vinavyotambulika. Kila skrinshoti inapelekwa kwenye kitafutio cha picha. Google Lens ni rahisi zaidi kwenye simu, lakini mara nyingi huleta vitu vinavyofanana badala ya picha yenyewe. Yandex huwa kali zaidi kwa mandhari na majengo. TinEye huweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani kabisa, na hilo ndilo hasa tunalolitaka, kwa sababu ukiipata video hiyohiyo ikiwa na tarehe ya mwaka mwingine, "leo asubuhi" imekufa na hakuna haja ya kubishana zaidi.

Kinachoharibu hatua hii mara nyingi ni maandishi na vikaragosi vilivyobandikwa juu ya picha. Kata kingo zote zenye maandishi kabla ya kutafuta. Klipu zikigeuzwa kushoto-kulia nazo hupotea, kwa hiyo jaribu pia picha iliyogeuzwa. Usihangaike kutafuta tarehe na mahali ndani ya faili lenyewe. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa hizo njiani, na tarehe inayoonekana kwenye simu yako ni ya siku uliyoipakua.

Picha za klipu hii zinafika mahali pamoja: Bahari ya Njano, China, tarehe 5 Juni 2019. Siku hiyo roketi ya Long March 11 ilirushwa kutoka kwenye meli, mara ya kwanza kwa China kupeleka setilaiti angani kutokea baharini. Ilibeba setilaiti saba. Video kamili inaonyesha meli yote. Katika ile ya kundi picha imekatwa, ukabaki ukingo wa chuma tu.

Lile la kuchupa bila moto lina maelezo yake, na ndilo lililowafanya watu waseme "kombora". Long March 11 hukaa ndani ya bomba. Gesi yenye shinikizo huisukuma nje kwanza, na injini huwaka ikiwa tayari iko hewani. Makombora ya nyambizi hutoka kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo aliyeandika "hii si roketi ya setilaiti, haya ni makombora nimeyaona" hakuwa mjinga. Aliona vizuri, akakosa kujua kwamba mbinu moja hutumika kwa kazi mbili. Mtu huyo alistahili jibu la heshima, naye alijibiwa kwa kicheko.

Macho ya mwambao nayo yana vipimo vyake, na ni aibu kuyaacha. Mwezi wa Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kusini. Bahari ya nje huwa imechafuka, na video yenye maji laini kama mafuta mwezi huo inatia shaka, japo ndani ya ghuba maji huweza kutulia, kwa hiyo hiyo ni dalili, haitoshi kuwa hukumu. Ukiwa Malindi mjini jua huchomoza baharini na kuzama bara. Video ya machweo juu ya bahari inayodaiwa kupigwa pwani ya mji imejifichua yenyewe. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi: moto ukionekana mbali na mlio ukasikika papo hapo, ama kipaza sauti kilikuwa karibu sana ama sauti imebandikwa. Klipu hii imefichwa mlio wake kwa ngoma, na kila mara video ya vita ikija na muziki badala ya sauti yake, jiulize sauti ilikuwa inasema nini.

Halafu kulikuwa na nahodha. Saa 3 usiku, katikati ya matusi, nahodha mmoja wa Ngomeni aliandika: "Mimi na mashua tatu tulikuwa nje tangu alfajiri. Hatukuona moshi, hatukusikia ngurumo. Roketi haina sauti?" Hakuna aliyemjibu. Huu ndio ushahidi bora uliokuwemo kundini, wa mtu aliyekuwa mahali penyewe, wakati wenyewe, pamoja na mashahidi wengine, na ulizama chini ya ujumbe mwingi wa kujibizana. Katika ubishi wowote unaodai kitu kimetokea karibu nanyi, swali la kwanza liwe hilo: nani kati yetu alikuwa pale? Mitandao imetuzoesha kumtafuta shahidi London na kumpita aliye jirani.

Kituo chenyewe

Ubishi huu usingewaka kama Ngomeni pasingekuwa na kitu. Kipo. Kaskazini ya mji wa Malindi, kupita Mambrui na Gongoni, ndipo ilipo kambi ya ardhini ya kituo cha anga cha Luigi Broglio, kinachoendeshwa na Shirika la Anga la Italia, na katika Ghuba ya Ungwana ndipo yalipokuwa majukwaa yake ya baharini, San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Mahali palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi inayoelekea mashariki, na mbele yake ni bahari tupu.

Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake katika uwanja huo. Ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Setilaiti zote tisa zilizorushwa hapo zilibebwa na roketi aina ya Scout, ya Kimarekani, yenye hatua nne za fueli yabisi na urefu wa mita 23 hivi. Scout iliwashwa ikiwa kwenye mtambo wake wa kurushia. Haikuchupa kutoka kwenye bomba. Mtu aliyejua hilo tu angetosha kusema klipu si ya Ngomeni hata ya zamani.

Tangu 1988 kazi ya kituo ni antena: kufuatilia roketi zilizorushwa kwingine na kupokea data za setilaiti. Darubini za angani za NASA, Swift iliyorushwa 2004 na NuSTAR iliyorushwa 2012, huteremsha data zake Malindi. Wachina nao wamewahi kufuatilia safari za vyombo vyao vya Shenzhou kutoka hapo.

Na kuhusu Iran: kutoka Malindi hadi Tehran ni karibu kilomita 4,500, kutoka Tel Aviv ni kama 1,600. Italia haikushiriki mashambulizi yale. Hoja ya umbali ni nzuri, lakini ije mwisho, baada ya mahali na wakati kumalizwa. Ukianza nayo utaulizwa habari za masafa ya makombora ya kila nchi mpaka kuche.

Ubishi ulipoharibika

Kosa la kwanza lilikuwa neno "nyinyi". "Uongo mtupu" lilikuwa dai kuhusu klipu, na mtu angeweza kuuliza umejuaje. "Nyinyi mwameza" ilikuwa hukumu juu ya watu mia nane. Kutoka hapo kila aliyejibu alikuwa anaitetea heshima yake, na wengi wa waliojibu hata hawakuwa wameifungua video. Katika baraza la mtaani mtu akisema neno kama hilo hushikwa mkono na mzee na kuambiwa, "Bwana, punguza." Kundini hakuna mkono wa kumshika, na wasomaji hawauoni uso wake kujua kama ana hasira au anatania.

La pili, fundi alileta kiungo cha makala ndefu ya Kiingereza. Wengi wa wanachama hununua bando la WhatsApp peke yake, kiungo hakifunguki. Wengine wakifungua watakutana na kurasa tatu za lugha ya kitaalamu kwenye kioo kilichopasuka. Kwao kiungo kile kilikuwa sawa na kusema "niamini mimi". Ushahidi lazima uingie kundini ukiwa mzima: picha mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, kutoka klipu ya kundi na kutoka video ya 2019, pamoja na mistari mitatu ya Kiswahili. Picha ya namna hiyo huonekana bila kupakua kitu kikubwa, na ikisambazwa haiachani na maelezo yake.

La tatu ndilo lililommaliza. Alikubali kila uwanja aliowekewa. Mmoja akataja shambulio la Manda, Lamu, la tarehe 5 Januari 2020, ambapo Wamarekani watatu waliuawa: "Wamarekani si wapo? Mbona tuliambiwa hawapo?" Fundi akaanza kubishana habari za Manda. Mwingine akaleta ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, kipenyo mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi: "Hii nayo ni uongo?" Fundi akasema inawezekana ni uongo. Hapo alijichoma mwenyewe, kwa sababu pete ile ilianguka kweli, na Shirika la Anga la Kenya lenyewe lilitangaza kuwa ni kipande cha roketi. Aliyekuwa anasema kweli kuhusu jambo moja akasema pasipo kujua kuhusu la pili, na kundi zima likamkamata kwa la pili.

Vitu vyote hivyo viwili ni vya kweli. Hakuna hata kimoja kinachosema lolote kuhusu klipu. Kambi ya Manda ni ya kijeshi na iko Lamu. Kituo cha Ngomeni ni kingine na kazi yake ni nyingine. Pete ya Makueni ni mabaki ya kitu kilichorushwa mbali na kushuka kutoka angani, haina uhusiano na kurusha kutoka Kenya. Jibu lililohitajika lilikuwa fupi: "Kweli, la Manda lilitokea. Kweli, pete ilianguka. Klipu hii bado ni ya China ya 2019." Unakiri lililo kweli, unarudi kwenye klipu, hufuati. Ukifanya hivyo mara tatu mfululizo kwa sauti ileile, wasomaji kimya huanza kuona nani anayekimbia. Wasomaji hao ndio wengi. Katika kundi la watu mia nane wanaoandika hawafiki makumi, na mwenye kubisha mbele za watu hageuki usiku uleule, kwa sababu kugeuka ni kushindwa hadharani. Unaandika kwa ajili ya yule anayesoma kimya akijiuliza kama aisambaze au la.

La nne lilitoka kwa admini. Kufunga kundi kulizima matusi, na kwa hilo alikuwa na haki: maneno yalikuwa yamefika kwenye kabila na dini, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3 kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Lakini alifunga huku klipu ikiwa bado ipo, haina neno chini yake. Aliyeingia kundini alfajiri alikuta klipu, matusi, na mlango uliofungwa. Nini kingine angefikiri? Afadhali angeandika kwanza, kabla ya kufunga: "Klipu ya saa 2 inachunguzwa. Haijathibitishwa kuwa ni ya Ngomeni. Kundi litafunguliwa saa 2 asubuhi na majibu yatawekwa." Mistari mitatu tu, ibandikwe juu ya kundi. Admini ana uwezo wa kumfutia mwanachama ujumbe kwa watu wote, ila kufuta bila maelezo kungetimiza ule utabiri wa "kabla hawajaifuta". Ufutaji uje baada ya majibu, na majibu yaseme klipu ilikuwa inasema nini.

Ujumbe uliofanya kazi

Ijumaa asubuhi mwalimu mstaafu aliyemo kundini aliwapigia simu fundi na nahodha, akawaomba waandike pamoja. Kundi lilipofunguliwa, admini alibandika hivi, pamoja na picha mbili ubavu kwa ubavu:

"Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Video ya roketi iliyoingia jana ni ya China, Bahari ya Njano, tarehe 5 Juni 2019. Roketi ya Long March 11 ilirushwa kutoka kwenye meli ikibeba setilaiti. Kushoto ni klipu ya kundi, kulia ni ya 2019. Tazameni ukingo wa chuma na umbo la moshi. Maelezo ya kuwa ni leo Ngomeni yamebandikwa baadaye, na picha imekatwa, meli haionekani. Ngomeni haijarusha setilaiti tangu Machi 1988. Sasa kazi yake ni antena. Nahodha na mashua tatu walikuwa baharini jana tangu alfajiri, hawakuona wala kusikia kitu. Aliyeileta aliletewa naye, asilaumiwe. Mwenye swali kuhusu kituo aulize hapa."

Ujumbe unaanza na kilicho kweli. Uongo unatajwa mara moja tu, katikati, na mara hiyo unaonyeshwa ulivyotengenezwa. Hausemi nani aliyekata picha wala kwa nia gani, kwa sababu hilo hawalijui. Unamtaja shahidi wa nyumbani. Unamfungulia mlango aliyeileta klipu, ili asilazimike kuitetea. Hauna kiungo, na unatosha kusomwa bila kuteremsha kioo mara tatu.

Mwalimu alifanya na jambo la pembeni. Alimfuata faragha aliyeileta klipu: "Ndugu yangu, ile video nimeipata asili yake, nimekutumia. Wewe ndiye uliyeileta, ukiwapelekea na majibu kule ulikoipeleka watakusikiliza kuliko sisi." Huyu ndiye pekee aliyekuwa anayajua makundi mengine ilikokwenda. Alikubali kuipeleka kwa mawili, akakataa la tatu. Ndivyo matokeo yalivyo kwa kawaida. Wapo waliosema picha mbili zimetengenezwa na AI, na hao walijibiwa mara moja tu: video ya 2019 ilikuwepo hadharani miaka kabla ya programu za leo za kutengeneza video. Wasipoitaka hoja hiyo, waachwe.

Hasira iliyobaki

Baada ya klipu kuisha, maswali yaliendelea kuja, na sasa yalikuwa maswali mazuri. Kituo kinalipa nini? Ardhi ni ya nani? Vijana wangapi wa Ngomeni wameajiriwa, na kwa kazi gani? Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini 2016. Unasema nini kuhusu kaunti? Shirika la Anga la Kenya liliundwa 2017 na liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na mtu asiyepewa maelezo akilisikia hilo ana haki ya kushtuka.

Hapa ndipo wasahihishaji wengi hukosea tena. Wakishaangusha klipu huondoka kama washindi, na mtu wa Ngomeni anayeuliza habari za ardhi hujikuta ametiwa kapu moja na mwenye uzushi. Uzushi ule ulishika kwa sababu ulikuta watu wamekaa jirani na ua kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuelezwa vya kutosha kinachofanyika ndani yake. Fundi angesema hivyo usiku wa kwanza, "kituo kina maswali ya kujibu, klipu hii haimo", nusu ya waliompinga wangekuwa upande wake.

Maswali hayo yana njia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba habari kwa taasisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na halazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo na ofisa huandika. Taasisi ina siku 21 za kuamua. Ikikataa au ikinyamaza, mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sheria inaruhusu kuzuia habari za usalama wa taifa, kwa hiyo barua isiulize antena zinasikiliza nini, itarudishwa. Iulize malipo ya kila mwaka na yanakokwenda, ukubwa wa ardhi na hati yake, idadi ya walioajiriwa kutoka Kaunti ya Kilifi na nafasi zao, na mafunzo yaliyotolewa kwa wanafunzi wa Kenya tangu mkataba wa 2016. Kila swali liwe na mstari wake na namba yake, ili lisijibiwe kwa aya moja ya jumla. Nakala moja igongwe muhuri wa siku ya kupokewa na ibaki na mwombaji, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kutoka hapo.